Mbweha, Shangazi Yake na Mbio za Kijiti

Paukwa.

Pakawa.

Nani huyo kaitika kwa uvivu? Tena: paukwa.

Pakawa.

Haya, sasa naona mko macho. Shomari, acha kumchokoza mwenzio, maana mbio zinaanza na sitarudia.

Hapo kale, kale sana, ukame uliipiga nchi ya wanyama. Mito ikakauka, mabwawa yakakauka, kikabaki kisima kimoja tu chini ya mwamba. Kila asubuhi wakubwa walitangulia kunywa. Wadogo wakifika, wanakuta tope.

Digidigi alikuwa na mtoto mmoja. Mtoto akanywa tope, tumbo likamuuma. Akanywa tena, akashindwa kusimama. Digidigi akaenda kwa Bi Tembo, mkuu wa wanyama wote, akalia mbele yake.

"Bi mkubwa, mwanangu ananifia na maji safi yapo. Naomba zamu ya kwanza ya kunywa."

Mbweha alikuwepo pale. Mbweha hakosi mahali penye maneno. Akasema, "Hata mimi naitaka zamu hiyo."

Bi Tembo akatikisa masikio, akafikiri, akasema, "Basi shindaneni. Kesho mtakimbia porini mbio za kupokezana kijiti, kila kundi watu watatu. Mkimbiaji atakishika kijiti kwa mdomo, atafute alama tatu. Kwanza kichuguu chekundu, ajipake udongo puani. Pili mwamba wa chokaa, ajipake weupe. Tatu kisiki kilichoungua, ajipake masizi. Akirudi nitamkagua pua, ndipo ampe mwenzake kijiti. Kundi litakalomaliza mwanzo litakunywa mwanzo, kila siku, mpaka mvua irudi."

Mbweha akawachukua Pundamilia na Swala. Mnaona? Miguu yote mirefu kaikusanya yeye.

Digidigi akazunguka kuomba wenzake. Huyu anaumwa kiuno, yule ana mgeni, mwingine kajificha uvunguni. Mwisho akawapata Nungunungu na Ngiri. Nungunungu mnamjua, akitembea anachakarisha kama mtu aliyebeba mzigo wa kuni. Ngiri naye anakimbia vizuri sana, ila akifika katikati ya njia husahau anakokwenda.

Msicheke. Hao ndio waliokubali.

Lakini Mbweha hakutulia. Alijua kwamba miguu mirefu hukimbia ikazipita alama, na wadogo wanakijua kila kichaka. Basi akaenda kwa shangazi yake, Bi Chausiku. Bi Chausiku alikuwa mzee wa miguu, lakini ulimi wake ulikuwa bado kijana, na hakuna aliyekuwa akimtembelea.

"Shangazi," Mbweha akasema, "kesho kaa kwenye njia iendayo kwenye kisiki. Watapita watu wanaotaka kukuamkia."

"Kuniamkia mimi?" Bi Chausiku akafurahi mpaka akaanza kujilamba manyoya. Asubuhi na mapema alikuwa keshakaa njiani.

Nanyi desturi mnaijua. Mtu mzima hapitwi kama gogo. Utasimama, utakitoa kilicho mdomoni, utamwamkia, utamjulia hali, naye atakujulia hali, mpaka mridhiane. Mbweha aliijua desturi hiyo vizuri, ndiyo maana akawanong'oneza wenzake, "Nyinyi njia ya kisiki msiipite. Zungukeni korongoni. Ni mbali kidogo, lakini kule hakuna wa kumwamkia."

Mbio zikaanza. Digidigi na Pundamilia wakatoka pamoja. Pundamilia, timu timu timu, akakipita kichuguu, ikabidi arudi. Digidigi akakiona mara moja. Akajipaka wekundu, akajipaka weupe, akaingia njia ya kisiki. Yuko mbele kabisa. Mara akamkuta Bi Chausiku katikati ya njia.

Digidigi akasimama. Akakiweka kijiti chini. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Nyumbani?"

"Hawajambo."

"Mama yako bado anakohoa?"

"Mama alishafariki, shangazi."

"Masikini. Kaa chini unisimulie."

Digidigi akasimulia huku kwato zinamcheza. Alipoachiwa akakimbilia kwenye kisiki, akajipaka masizi, akarudi kwa Bi Tembo. Akakuta Pundamilia amekwisha fika na Swala amekwisha ondoka.

Akaingia Nungunungu. Kakara kakara kakara, wekundu, weupe, njia ya kisiki. Kumbe naye kapangiwa. Akakiweka kijiti chini. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Habari za utokako?"

Nungunungu hajui kuficha kitu. Akasema, "Si nzuri, shangazi. Tunashindania maji. Mtoto wa Digidigi hali yake mbaya, ametapika tope usiku kucha, na sisi tumeachwa nyuma."

Bi Chausiku akasimamisha masikio, akauliza, "Mnashindana na nani?"

"Na Mbweha wako, pamoja na Pundamilia na Swala."

"Mbona hao sijawaona hapa?"

"Wanapita korongoni, shangazi. Nimemsikia Swala akisema Mbweha kawakataza njia hii."

Bi Chausiku akainama. Iliuma. Alidhani kaitiwa wageni, kumbe kawekwa njiani kama mwiba. Akasema taratibu, "Nenda, mwanangu. Nenda upesi."

Nungunungu akaenda kakara kakara. Lakini alipomkabidhi Ngiri kijiti, Mbweha alikuwa kaondoka zamani.

Sasa mtazameni Mbweha. Kajipaka wekundu, kajipaka weupe, akasikiliza nyuma, kimya. Akajisemea, "Mimi niende kuchanwa na miiba ya korongoni kwa nini? Yule ni shangazi yangu mwenyewe, hatanicheleweshea kitu." Akaifuata njia ya kisiki. Akafika mbele ya Bi Chausiku, akampita shoti, bila salamu, bila hata kugeuza shingo.

Bi Chausiku akaukanyaga mkia wake.

"Mwanangu," akasema, "watoto wa wenzangu wote wameniamkia leo."

"Mm, mm," Mbweha akajibu, kijiti mdomoni.

"Hiyo ni lugha gani? Kiweke chini hicho."

Mbweha akavuta mkia. Mkia haukutoka. Akakiweka kijiti chini. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Baba yako hajambo?"

"Hajambo. Naomba niende."

"Na yule mdogo wako aliyevimba jino?"

"Amepona, shangazi, naomba niende."

"Jino gani lilimvimba, la juu au la chini? Tulia. Uliniambia watapita watu wa kuniamkia, nami nawajulia hali."

Wakawa bado kwenye jino, Ngiri akatokea. Akamwona Bi Chausiku, akakiweka kijiti chini. "Shikamoo, shangazi. Kwanza nisaidie, mimi nilikuwa nakwenda wapi?"

"Kwenye kisiki, baba. Kile pale, nyuma ya kichaka. Ujipake masizi kisha urudi kwa Bi Tembo."

"Nitasahau, shangazi."

"Inua mkia. Ukiusikia umesimama, ujue bado uko mbioni."

Ngiri akainua mkia, akaokota kijiti, akaenda. Akajipaka masizi, akarudi. Akawapita tena Mbweha na shangazi yake, na sasa walikuwa wamefika kwa binamu wa upande wa mama. Kila alipotaka kusimama akajiuliza mbona yuko pale, akausikia mkia umesimama, akaendelea.

Akafika. Bi Tembo akamkagua pua: wekundu upo, weupe upo, weusi upo. Wadogo wakapiga kelele za furaha. Ngiri akaendelea kuzunguka uwanja na mkia wake juu, mpaka Digidigi alipomkimbilia na kumwambia, "Shusha mkia, ndugu yangu. Tumeshinda."

Mbweha akaja baadaye sana, ulimi nje, pua ina rangi mbili tu.

Bi Tembo akamwuliza, "Ulikuwa wapi?"

Mbweha akatazama chini. "Nilikuwa nasalimiana na shangazi."

Wanyama walicheka mpaka wengine wakalala chini.

Kesho yake, kabla maji hayajavurugwa, mtoto wa Digidigi akanywa maji safi. Akanywa, akapumzika, akanywa tena. Jua lilipopanda akasimama kwa miguu yake, na mama yake akalia mbele za watu bila kuona haya. Pembeni yake alikuwa Bi Chausiku, anakunywa naye zamu ya kwanza. Digidigi ndiye aliyemwendea asubuhi ile kumchukua, na njia nzima walikuwa wanaongea.

Tangu siku hiyo Ngiri hakimbii bila kuinua mkia. Na Mbweha akimwona mzee kwa mbali, huzunguka korongoni.

Wajukuu zangu, funzo lake ni hili: heshima ya mwenzio usiigeuze mtego, maana siku moja njia hiyohiyo utaipita wewe, na wewe mwenyewe huna heshima ya kukupitisha.

Hapo ngano yangu imekaa chini kupumzika. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chachu, niachieni mimi niliyeipika. Na kabla hamjalala, Shomari, pita kwa bibi jirani umwamkie, na usikimbie akianza kukuuliza habari za nyumbani.