Kiboko Aliyefundishwa Kuchunga Mawazo

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Mwaka gani?"
"Mwaka wa kiu!"
"Maji ya nani?"
"Ya Kiboko peke yake!"

Haya, sogeeni. Mwaka huo jua liliwaka mpaka mito ikabaki mchanga mtupu. Likabaki bwawa moja, na ndani ya bwawa, Kiboko.

Twiga alikuja. Kiboko akanguruma: "Ng'waaa! Maji yangu!" Twiga huyoo, mbio.

Pundamilia alikuja. "Ng'waaa! Maji yangu!" Pundamilia huyoo, mbio.

Akaja Nyamizi, dada yake Kiboko wa tumbo moja, na mwanawe nyuma. "Kaka, mtoto anazirai."

"Ng'waaa! Maji yangu!"

Nyamizi hakukimbia. Alimtazama kaka yake, akageuka, akaenda zake polepole.

Akaja Nguchiro, mdogo kama kiatu, mjanja kama njaa. Yeye hakuomba maji.

"Shikamoo, mjomba. Mbona macho mekundu hivyo?"

"Marahaba. Silali, mpwa wangu. Nikisinzia tu, nawaona wezi wa maji."

"Ah! Mawazo ni mbuzi, mjomba. Yakikosa mchungaji yanakula ovyo. Yachunge."

"Yanachungwaje?"

"Toka majini, kaa pale kichakani, fumba macho. Chagua wazo moja zuri. Likitoroka, lirudishe. Lakini ole wako ufumbue macho! Zizi zima litatawanyika."

Kiboko akatoka, akaketi, puu! Akachagua wazo la majani mabichi. Mara likaja wazo la wezi. Akalifukuza, akarudi kwenye majani. Nyuma yake, gugu-gugu-gugu.

"Mpwa, nasikia gugu-gugu."

"Ni mbuzi wako wanakunywa, mjomba. Unachunga vizuri!"

Siku hiyo Twiga alikunywa, Pundamilia akanywa, na watoto saba wa Nguchiro wakanywa mpaka matumbo yakawa ngoma.

Siku ya pili, vilevile. Puu! Gugu-gugu-gugu. Na jambo la ajabu, Kiboko alianza kulala. Chakula kikawa na ladha. Akaamka bila kumtukana mtu.

Siku ya tatu mawazo yalikuwa yanamtii. Akiita majani, yanakuja. Akiwafukuza wezi, wanaondoka. Ndipo likaja wazo moja ambalo hakuliita: Nyamizi, amesimama ukingoni, midomo imepasuka. Kiboko akalirudisha. Likaja tena. Akalirudisha. Likaja, likalala mbele yake kama mwenye nyumba.

Akafumbua macho.

Wanyama wote waliganda, midomo majini. Nguchiro mkia ukamsimama. Wakangoja ng'waaa.

"Dada yangu yumo humu?" Kiboko akauliza.

Nguchiro akashusha mkia.

"Hayumo, mjomba," akasema Nguchiro. "Alikwenda upande wa mawe, siku ileile ulipomfukuza."

Kiboko alifuata nyayo, tip, tip, jua likimchubua mgongo. Akamkuta Nyamizi amelala kando ya mawe, mtoto anamsukuma kwa pua.

"Dada, amka. Maji yapo. Nimekuja kukuchukua."

Nyamizi hakuamka.

Kiboko alikaa pale mpaka kivuli chake kikarefuka. Kisha akamtanguliza mtoto, hatua kwa hatua, mpaka bwawani. Wanyama wakapisha. Mtoto akasimama ukingoni, akaogopa kuinama.

"Mjomba, maji haya ni ya nani?"

Kiboko akafungua kinywa kile kikubwa. Akakifunga. Akainamisha kichwa, akamsogeza mtoto kwa shavu, mpaka midomo yake ikagusa maji.

Nguchiro alikuwa amejiandaa kuwachekesha watoto wake kwa hadithi ya mbuzi wa mjomba. Hakuisimulia. "Ningewahi siku mbili tu, Nyamizi angekunywa," alimwambia mkewe. "Siku mbili."

Ngano yangu naitua hapo. Mwenye mabega aibebe.

Na funzo lake? Enyi wenye mali, msifumbe macho hata kidogo. Mkifumba, mtaona.