Ushuru wa Moshi

Hapo zamani za kale, kabla bibi wa bibi yenu hajajua kushika mwiko, wanyama walikuwa na nyumba zao, mafiga yao na majirani wa kuwasengenya, kama sisi tu. Sogeeni karibu. Na wewe mwenye kiazi, kimalize au kiweke chini. Hadithi haisikilizwi mdomo ukiwa umejaa.

Huko juu miambani aliishi mama mmoja, Bi Pimbi. Pimbi mnamjua? Mdogo hivi, mnene kidogo, mkia hana. Alikuwa mjane, ana watoto wa kujaza mkeka mzima, na kitinda mimba wake aliitwa Sikudhani. Huyu Sikudhani alikuwa mwembamba, anakohoakohoa, na kila akila alilamba bakuli mpaka likang'aa. Kisha huuliza, "Mama, yameisha?"

Swali lile lilimuuma Bi Pimbi. Akilisikia aligeuka upande, akajifanya anatafuta kitu.

Wala hakuwa mvivu, msije mkamsingizia. Shamba alilima, mahindi alivuna, maharage alikuwa nayo. Tatizo lake lilikuwa Nyati.

Nyati ndiye aliyekuwa mkubwa wa nchi ile. Pembe hizi, kifua hiki! Siku moja aliamka akatangaza kwamba msitu wote ni wake, na kuni zote ni zake, hata kijiti kilichojiangukia chenyewe. Basi kila anayewasha moto alipe ushuru, na ushuru wenyewe ni chakula: moshi ukionekana juu ya nyumba yako, unatoa bakuli moja. Na nani mkusanyaji? Fisi! Hebu fikirini, Fisi kupewa kazi ya kukusanya vyakula vya watu.

Hilo bakuli la Fisi sasa! Mimi ningeliita beseni.

"Hodiii! Fnyu, fnyu, fnyu! Nimeona moshi!"

"Karibu, Bwana Fisi," Bi Pimbi anajibu, moyo ukimshuka.

"Mmepika nini leo?"

"Makande tu, baba."

"Makande tu! Lete hayo hayo. Jaza. Jaza bwana, acha kupapasa! Maharage mengi, mahindi machache."

Nusu ya chungu imekwenda. Na makande mnayajua, yanakaa motoni tangu asubuhi mpaka jua la utosini, moshi unapanda muda wote huo, hata kipofu angeambiwa na pua yake. Kujificha hakuna.

Siku moja Fisi alichota mpaka mwiko ukakwaruza chini, kwaruu! Sikudhani akachungulia chunguni, akamtazama mama yake. Safari hii hakuuliza kama yameisha. Alikwenda kulala.

Bi Pimbi alilia, jamani. Alilia kwa hasira. Kisha akajifuta kwa kanga, akasema, "Sasa basi. Wao wana nguvu, na mimi nina jiko."

Kesho yake, alfajiri, ukungu ulikuwa umefunika miamba yote. Bi Pimbi akawasha moto. Moshi ulipopanda ukaingia kwenye ukungu, nyeupe juu ya nyeupe, nani angeuona? Fisi mwenyewe bado alikuwa anakoroma. Makande yaliyolowekwa tangu jana yake yakachemka, tokotoko, tokotoko, yakatokota barabara. Kabla jua halijatoka, Bi Pimbi akaepua chungu kikiwa kimefunikwa, akakizamisha ndani ya tenga kubwa alilolishindilia nyasi kavu. Nyasi chini, nyasi pembeni, nyasi juu. Akaweka mfuniko na jiwe juu yake. Moto akauzima, majivu akayazoa, mafiga akayamwagia maji. Tshhh!

Kisha akatoka nje kuota jua kama mtu asiye na kazi.

Mchana Fisi akapita. Akatazama juu, hakuona moshi. Akanusa, fnyu, harufu! Akatazama juu tena, moshi hakuna. Akanusa tena, fnyu fnyu, makande kabisa!

"Hodi!"

"Karibu, Bwana Fisi. Umekosea njia? Leo hapa hakuna moshi."

"Nasikia harufu."

"Harufu haina ushuru. Au sheria imebadilika?"

Fisi akaingia jikoni bila kukaribishwa. Akashika figa. Baridi! Akashika la pili, baridi! Akaingiza pua mahali pa majivu, akatoka na chafya tu. Wakati huo Bi Pimbi, taratibu, bila haraka yoyote, akafunua tenga, akatoa chungu, akainua kifuniko.

Fuuuu! Mvuke ukapanda mpaka darini. Makande yameiva, laini, maharage yamepasuka.

Fisi alibaki mdomo wazi, mate chururu.

"Moto uko wapi?"

"Moto gani? Si umeshika mafiga mwenyewe?"

"Hili... hili tenga..."

"Tenga la marehemu mama mkwe wangu. Watoto, njooni mle!"

Watoto walikula mbele ya macho yake. Sikudhani akaongezwa, akaongezwa tena. Fisi hakuweza kudai hata punje, kwa sababu moshi hakuuona. Alitimua mbio, puru puru puru, mpaka kwa Nyati.

"Mkuu! Mkuu! Pimbi ana tenga linapika bila moto!"

"Umelewa?"

"Nimeshika mafiga kwa mikono yangu hii! Baridi kama tumbo la chura!"

Nyati hakupoteza wakati. Alifika miambani anahema, ardhi inatikisika, du, du, du.

"Bi Pimbi, nataka hilo tenga."

"Hapana, mkuu. Ni kumbukumbu ya familia."

"Nataka."

"Nitapikia nini wanangu? Kuni ni zako, na tenga uchukue?"

Nyati akafikiri. Akifikiri, kipaji cha uso kinakunjamana, na Fisi akamsogelea sikioni. "Mkuu, mpe hizo kuni! Wewe ukiwa na tenga, kuni za nini? Wote watakuja kupikiwa kwetu. Tutachukua nusu ya kila chungu, wala hatutahangaika kutafuta moshi."

Nyati akacheka, mbuu-hu-hu! "Sikiliza, mama. Chukua kuni. Chukueni nyote. Nipe tenga."

"Maneno ya faraghani husahaulika, mkuu wangu. Piga baragumu, useme mbele ya wote."

Baragumu likalia, puuuuu! Wanyama wakajaa uwanjani. Nyati akatangaza kwa sauti yake yote: ushuru wa moshi umekufa, msitu ni wa wote, leo na siku zote. Watu wakashangilia, vigelegele mpaka masikio yakaziba. Bi Pimbi akamkabidhi tenga.

"Haya, linatumikaje?"

"Unaloweka mahindi na maharage tangu jana yake. Unayatia chunguni na maji na chumvi, unafunika. Unakizamisha chungu ndani, nyasi kavu chini, pembeni na juu. Unabana na jiwe. Hufunui mpaka mchana. Ukichungulia, umeharibu."

Wale mama waliokuwa pale wakatazamana. Mama Nungunungu akakohoa. Mama Ngiri akaziba mdomo kwa kanga.

"Kuna jingine ungependa kuuliza, mkuu?" Bi Pimbi akasema kwa adabu kabisa. "Uliza tu. Mapishi hayana aibu."

"Mimi Nyati, nimuulize pimbi mapishi? Nimesikia, inatosha! Kesho nyote njooni kwangu, mle makande yasiyoonja moto!"

Sasa mjue kitu kimoja. Nyati na Fisi, tangu wazaliwe, walikuwa hawajakanyaga jikoni ila wakati wa kupakua. Chakula wao walikifahamu kikiwa kwenye bakuli. Kabla ya hapo kilikuwa wapi, kilifanywa nini, hiyo haikuwa kazi yao kujua.

Asubuhi yake Nyati akatia makande chunguni, akatia maji ya mtungini, baridi ya kuuma meno. Mke wake, Mama Ndama, alikuwa mlangoni anamtazama.

"Baba Ndama, hayo maji si kwanza..."

"Nyamaza. Hii ni kazi ya wakubwa."

"Nilitaka kusema tu kwamba..."

"Mama Ndama! Tangu lini nikafundishwa na jiko?"

Mama Ndama akainua mabega. "Haya, baba. Mimi simo." Akachukua kibao chake akakaa kivulini, akangoja, maana kwa kweli hakutaka kulikosa jambo lile.

Fisi akapanda juu ya tenga kulilinda. Akaimba, akameza mate, akaimba tena.

"Mkuu, nichungulie kidogo?"

"Usichungulie! Ukichungulia, umeharibu!"

"Jicho moja tu?"

"Shuka kwanza unipe nafasi nikupige pembe!"

Mchana ukafika, na wageni wakafika. Kila mtu na bakuli lake, wamekaa mistari. Nyati akasimama, akakohoa kikubwa, akafunua tenga na kuinua kifuniko cha chungu kwa madaha.

Mvuke haukuwepo. Alipotia mwiko, makande yakajibu ko! ko! ko! Maji yalikuwa baridi vilevile, na maharage yanaelea, yanawatazama.

Mngekuwa nyinyi mngefanya nini? Mngekiri. Mkubwa hakiri. Nyati akatia mdomoni, akatafuna, ka! ka!

"Mmm," akasema, machozi yakimlenga. "Matamu. Yana... yana ugumu wa kifalme."

Wageni wakaweka mabakuli chini. Fisi peke yake ndiye aliyekula. Yeye mifupa haimshindi, atashindwa na punje? Alifagia beseni zima, krau krau krau, akalamba na mwiko.

Lakini maharage mabichi hayana masihara, wanangu. Ndiyo maana tunayachemsha yakatokota sawasawa. Haukupita muda, tumbo la Fisi likaanza kunena. Ngurrr. Akatabasamu. Ngurrrrr! Akaacha kutabasamu. NGURRRRR!

"Samahani, mkuu, naomba nipi..."

Hakumaliza. Alipita katikati ya wageni kama jiwe la manati, akazama kichakani, na yaliyoendelea huko sisemi, maana tunakaribia kula.

Uwanja mzima ulilia kwa kicheko. Mama Ndama alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye kibao.

Nyati akapandwa na hasira. Du, du, du, mpaka miambani, umati nyuma yake. Bi Pimbi alikuwa tayari amekaa ndani ya ufa wa jiwe, ufa usioingiza hata ncha ya pembe.

"Mwongo wewe! Toka!"

"Neno gani nilidanganya, mkuu? Hebu litaje."

Nyati akataka kulitaja. Akakumbuka nyasi: kweli. Akakumbuka jiwe: kweli. Akakumbuka kutochungulia: kweli.

"Mbona yako yaliiva?"

"Ya kwangu niliyachemsha alfajiri, yakatokota, ndipo nikayafukia. Tenga halina moto wake, linatunza ule uliotiwa. Ni kama blanketi. Likimfunika mtu, anapata joto. Ukilifunika jiwe la mtoni, litaamka jiwe la mtoni."

"Hukuniambia!"

"Nilikwambia uulize. Na mke wako angekwambia bila hata kuulizwa."

Umati ukasema, "Eheee!"

Nyati akapiga kwato. "Basi nafuta tangazo! Ushuru urudi!"

Hapo mambo yakageuka. Mama Nungunungu akajitokeza na mzigo wa kuni kichwani. Mama Ngiri naye, na wa kwake. Nyuma yao wengine, na wengine, wote wametoka msituni.

"Baragumu lililia, mkuu," akasema Mama Nungunungu. "Na sisi tulisikia. Au kauli yako nayo haikuiva?"

Nyati akatazama kuni zote zile. Akamtafuta Fisi amtume, Fisi bado yuko kichakani. Akashusha pembe, akarudi nyumbani kwake polepole. Wanasema jioni ile alisimama nje ya mlango wa jiko, anakwaruza ardhi kwa kwato.

"Mama Ndama."

"Abee."

"Hivi... maji huwa yanachemka kwanza?"

"Ingia ndani, baba. Shika mwiko." Na lile tenga likabaki kwa Mama Ndama, akalitumia vizuri sana.

Bi Pimbi je? Siku ya pili yake, mchana kweupe, mbingu safi, hana ukungu wa kumficha, aliwasha moto mkubwa kuliko uliohitajika. Moshi ukapanda, mnene, mrefu, unaonekana mpaka ng'ambo ya bonde. Akasimama mlangoni, akasikiliza. Hodi haikuja.

Sikudhani akala, akashiba, akasukuma bakuli likiwa bado na makande ndani.

"Mama," akasema, "yamebaki."

Bi Pimbi akageuka upande, akajifanya anatafuta kitu.

Hapo ndipo hadithi yangu ilipoivia, nami naepua. Anayejua kula tu, asitake kujua kilivyopikwa, ipo siku atakula kibichi.