Kapteni Aliyeipa Bahari Mgongo

Siku ya tatu tangu jeshi lishuke melini, kapteni wao wa chakula alitunyang'anya nazi zote, hata zile za uji wa mwanangu, na mimi nimesimama tu, mtoto mgongoni.

Bi Mkasi, muuza mihogo, ndiye aliyemwendea.

"Baba kapteni, zirundikeni huku juu, karibu na nyumba zetu."

"Mpate kuziiba, bibi kizee?"

"Tuibe sisi? Ila kule chini mchangani ni mbali mno, mwanangu."

"Mbali kwa mwizi!" Akacheka hadi kofia ikainama, akawageukia askari wake. "Zote mchangani! Na waya wa miiba upande wao!"

Usiku kucha askari walituelekezea bunduki sisi, bahari wameipa mgongo. Mwezi ulikuwa mpevu. Maji ya bamvua yakapanda mchanga wote, kama kila mwezi mpevu, yakazibeba nazi kimya kimya mpaka kijito chetu nyuma ya mikoko, ambako hutupwa kila kinachoelea. Mtu kaja kwa bahari, bahari haijui!

Alfajiri tuliziokota, tukazificha matopeni, huku kapteni akiwazaba askari wake makofi. "Nani kati yenu kaziuza?"

Bi Mkasi akanishika mkono. "Umeona nini?"

"Sijaona kitu, bibi. Hata mume wangu simwambii."