Gari Lenye Watu Wake

Mzee Ngwilizi, tajiri wa mashine za kusaga, alikuwa anagombea uenyekiti wa mtaa, na mgombea gani huyo wa kutembelea kigari cha mkewe? Akaenda kwa Mwasiti, mshona mapazia, ambaye marehemu mumewe alimwachia shangingi, gari kubwa kama nyumba.

“Mwanamke na shangingi wapi na wapi?” alisema bila hata salamu. “Tubadilishane. Hiki kigari cha kwendea sokoni kinakutosha sana.”

“Mheshimiwa, hili gari lina watu wake,” alijibu Mwasiti huku akijifuta machozi. “Likionekana tu mlangoni, wanakuja wenyewe.”

“Ndiyo maana nalitaka!”

“Basi usilibadilishe rangi. Wamelizoea.”

Mzee alicheka mpaka tumbo likatikisika. Wakaandikiana siku hiyohiyo mbele ya mjumbe.

Jumamosi alfajiri makelele yalimwamsha. Getini kulikuwa na wanawake wenye masufuria ya kupeleka msibani, shangazi wa bibi harusi alikuwa ameshapanda kiti cha mbele, na mbuzi wa harusi alikuwa anasukumwa nyuma. Miaka yote mtaa ulijua hivyo: pakiwa na shughuli, gari ni lile. Na mgombea gani huyo wa kuwafukuza wafiwa uchaguzi ukiwa umekaribia?

Akampigia Mwasiti, ambaye alikuwa ameshaegesha kigari chake sokoni, katikati ya mafungu ya nyanya.

“Njoo uchukue gari lako!”

“Hee, Mheshimiwa!” alisema Mwasiti. “Mwanamke na shangingi wapi na wapi?”