Kaa, Mama, Utaanguka

Paukwa!

Pakawa!

Mnaitikia kama mliolala njaa. Haya, wenye wazazi wazee sogeeni mbele, nyinyi ndio nimewajia leo.

Zamani hizo, kwenye majabali, aliishi Pimbi mzee, Bi Sikudhani. Mifupa yake ilishaanza kuchoka. Lakini kila asubuhi alitoka pangoni, taratibu, tiki, tiki, tiki, akapanda jiwe la chini, akaota jua, akachuma majani yake mwenyewe.

Siku moja akakanyaga maganda ya matunda waliyotupa wajukuu mlangoni. Puu! Akaangukia makalio. Hakuvunjika. Akainuka, akajipangusa, akasema, "Fagieni mlango."

Unadhani walifagia? Thubutu! Bintiye, Mashavu, alikuja mbio, mikono kichwani.

"Mama! Kuanzia leo hutoki. Majirani watasema hatukutunzi!"

"Mashavu, nimesema mfagie."

"Kaa, mama, utaanguka!"

Basi akakaa. Majani akaletewa. Maji akaletewa. Akiinua mguu, pango zima: "Kaa, mama, utaanguka!" Akitaka jua: "Kaa, mama, utaanguka!" Hata haja alipelekwa kwa kubebwa. Jamani, mtu mzima na akili zake!

"Mwanangu, miguu inalegea."

"Ndiyo uipumzishe, mama."

"Nipe hata fimbo."

"Fimbo ya nini, na sisi tupo?"

Bi Sikudhani akasonya, fyoo! Hawa watoto walimpenda, na upendo wao ulimchosha kuliko uzee. Masika yakapita, kipupwe kikapita. Miguu ikawa myembamba kama njiti.

Asubuhi moja jua likaingia mpaka karibu na mkeka wake. Hatua chache tu. Akaliona, akalitamani, akasimama.

Ta! Nyonga ikavunjika. Akaanguka.

Mashavu akaja analia. "Mama, umeteleza wapi? Hapa pakavu, tena tambarare!"

"Sikuteleza. Nimesimama tu."

"Jikaze, mama! Inuka, jaribu kutembea kidogo!"

Bi Sikudhani akamtazama kwa hasira, machozi yanamtoka.

"Leo, Mashavu? Leo ndiyo unataka nitembee?"

Hakutembea tena.

Basi sikieni. Mzee mwenye mifupa dhaifu hatunzwi kwa kukalishwa. Msafishie njia, mpe fimbo, mtoe nje aote jua, mshike mkono atembee.

Hadithi yangu imeishia hapo. Anayenuna na anune, ila akifika nyumbani amtoe mama yake nje.