Ngozi Iliyolegea Mara Tatu

“Sogeeni, wajukuu, kisa kinapita!”

“Kipite, tumekipa njia!”

Ilikuwa Jumatano, tarehe kumi na moja ya Mfunguo Tisa, katikati ya masika, saa kumi na nusu jioni. Si saa tisa, maana alasiri ilikwisha kusaliwa na watu walikwisha kuvaa viatu. Zama hizo mji wa Kivumoni ulikuwa na chama kimoja cha muziki, na chama kilikuwa na kiti kimoja cha fundi, na kiti kilikuwa kitupu mwaka mzima tangu Fundi Bakathiri alipofariki.

Wosia wa marehemu ulikuwa wazi. Mwanafunzi wake, Mwinyikombo, aupige wimbo wa mwisho wa fundi, beti zote tatu, mbele ya mjane, Bi Mwanamkuu, kabla ya adhana ya magharibi, siku ya kutimia mwaka tangu kifo chake. Akiuweza, kiti ni chake. Asipouweza, gambusi la fundi liende kwa chama cha mji wa pili.

Gambusi mnalijua? Ni ala ya nyuzi iliyowambwa ngozi ya mbuzi. Ngozi ikipata unyevu hulegea. Ikilegea, sauti hufa. Hupashwa moto kwenye seredani ya makaa, ikakaza, ikapigwa papo hapo. Papo hapo, nimesema!

Watu wamejaa ukumbini mwa chama, seredani iko uani chini ya upenu. Mwinyikombo akapasha. Ngozi ikakaza. Akaketi, akainua mkono apige. Akasimama Bwana Shaibu, mwenyekiti wa chama.

“Ndugu zangu, mimi sina mengi.”

Lo! Asiye na mengi akaanzia kwa babu aliyechimba kisima, akapita kwenye paa lililovuja, akaishia kwenye majamvi mapya. Mvua ikanyesha, ikakatika, ikaacha unyevu hewani. Ngozi ikalegea.

Mwinyikombo akaenda uani kwenye seredani, akapasha, akarudi. Akasimama makamu.

“Mwenyekiti ameyamaliza yote. Mimi nitayarudia tu.”

Akayarudia. Kisima, paa, majamvi. Ngozi ikalegea.

Akatoka, akapasha, akarudi. Akasimama katibu na karatasi ya majina ya waliotuma udhuru. Mwinyikombo akahisi kichwa kinamchemka.

“Bwana Katibu, tafadhali, ngozi hii haingoji.”

“Adabu, kijana! Hata wali hupoa ndipo ukaliwa.”

“Wali, bwana, haupigwi.”

Kinamama wakacheka. Bi Mwanamkuu hakucheka. “Kombo, mwanangu, jua linashuka.”

“Naliona, mama. Ndilo pekee lisilohutubu.”

Udhuru ukasomwa mpaka wa mtu aliyekuwa amekaa pale pale. Na ngozi je, wajukuu?

“Ikalegea!”

Ikalegea. Akatoka mara ya nne, akachutama penye makaa, na kule ndani akamsikia Bwana Shaibu akisimama kuwashukuru wazungumzaji. Mwinyikombo akaipima njia kwa macho. Toka seredani hadi kiti ni hatua kumi na tano, na kila hatua ina mtu asiye na mengi. Ngozi ilikuwa imekaza mkononi mwake. Akapiga hapo hapo alipochutama.

Ubeti wa kwanza, Bi Mwanamkuu akainuka na mkeka wake, akaenda uani. Ubeti wa pili, wakamfuata kinamama, wakafuata wapiga ngoma. Ubeti wa tatu, akatoka Bwana Shaibu.

“Mwinyikombo! Mimi sijakukaribisha!”

Angalimjibu, wimbo ungalikatika na kiti kingalipotea. Akauma meno, akapiga. Aliyejibu ni mjane.

“Shaibu, nyamaza au shika ngoma.”

Akashika ngoma. Uzi wa mwisho ukalia, ukatulia, na baada yake ndipo muadhini akakohoa mnarani.

“Kileteni kiti hapa penye moto,” akasema Bi Mwanamkuu. “Mwenyewe ameshafika.”

Basi, wajukuu, ukimwita mtu apige, mwache apige. Kumpa mtu nafasi si kusimama ndani yake.

Kisa nimekitua, atakayekibeba akibebe kizima. Akiambiwa kwamba Mwinyikombo alitoka kwa hasira, akatae: hasira alikuwa nayo, lakini kilichomtoa ni ngozi. Akiambiwa kwamba muadhini alichelewesha adhana kwa huruma, akatae: aliadhini kwa wakati wake. Na Bwana Shaibu, mpaka anaingia kaburini, alidai kwamba watu walitoka kwenda uani kwa kuguswa na hotuba yake. Hawakuguswa.