Kisima cha Bi Pelele na Chungu cha Nyigu

Hapo kale, wanangu, wanyama walipokuwa na serikali, mihuri na posho za safari, Bi Pelele, mnyama mdogo kama sungura, alitawala Kilima cha Mawe. Kilima kilikuwa na wimbo wa taifa na bendera, ila maji hakikuwa nayo. Watoto wake walilamba umande kwenye majabali.

Jirani yake, Nyati, alikuwa na pembe za kupasua mwamba. Alikuwa pia na chungu cha nyigu. Vuuu! Vuuu! Mchana kutwa.

"Nyigu wa utafiti tu," alisema Nyati.

Simba, mwenye vyungu saba vya nyigu, alishtuka sana. "Hatari kwa dunia! Atakayeshirikiana na Nyati, nitampasulia chungu mlangoni!"

Bi Pelele akawaza: nisipochimba, wanangu watakufa kwa kiu, nikimwita Nyati achimbe, watakufa kwa nyigu wa Simba.

Akaandika mkataba wa kurasa arobaini: Nyati achimbe kisima, alishwe majani. Nakala mbili, kila moja na kichwa chake.

Mbio hadi kwa Nyati. "Ndugu yangu, pokea Mkataba wa Udugu na Uwekezaji."

"Lo! Kumbe bado nina rafiki!" Akasoma kichwa, akagonga muhuri. Ti!

Mbio hadi kwa Simba. "Mtukufu, pokea Adhabu Kali Dhidi ya Nyati. Akivunja mwamba miezi miwili, atapata wapi nguvu za kufuga nyigu?"

"Aisee! Kadogo hivi, na akili zote hizo!" Akasoma kichwa, akagonga muhuri. Ti!

Nyati akachimba, gu! gu! gu! hadi maji yakaruka, chwaaa!

Siku ya uzinduzi wakaja wote wawili, kila mmoja akijua yeye ndiye mgeni rasmi. Wakaanza hotuba pamoja.

"Udugu huu..."

"Adhabu hii..."

Wakageukiana.

"Wewe kidudu!" Simba akamngurumia Bi Pelele. "Mkataba ufutwe!"

"Ufutwe!" akafoka Nyati. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kukubaliana jambo.

Bi Pelele akainama kwa adabu. "Sawa, wakubwa zangu. Ila kanuni ya ukurasa wa mwisho yataka mfutaji aeleze sababu hadharani. Nani aanze kutuambia kwamba aligonga muhuri bila kusoma ndani?"

Umati ukasogea usikie vizuri. Simba akakohoa. Nyati akachunguza kwato zake.

Kisha Simba akapiga makofi, taratibu. Nyati naye akapiga, kwa nguvu zaidi.

Basi shikeni hili, wanangu: mnyonge asomaye mkataba hadi ukurasa wa mwisho ana nguvu kuliko wababe wawili wasomao kichwa tu.